Inglewood Ilivyolikataa Duka Kubwa

Tarehe 6 Aprili 2004, wakazi wa Inglewood, mji ulio jirani na uwanja wa ndege wa kimataifa wa Los Angeles nchini Marekani, walikwenda vituoni kupiga kura juu ya duka. Kampuni ya Walmart ilitaka kujenga moja ya maduka yake makubwa katika eneo la ekari 60 karibu na uwanja wa mbio za farasi wa Hollywood Park, na ilikuwa imetumia zaidi ya dola milioni moja kuwashawishi wananchi waseme ndiyo. Matokeo yalipotangazwa, watu 6 katika kila 10 waliopiga kura walikuwa wamesema hapana.

Wengi walipigwa na butwaa. Inglewood haukuwa mji wa matajiri wanaochagua nani ajenge jirani nao. Ulikuwa na watu wapatao 112,000, karibu wote Wamarekani Weusi na Walatino, wengi wao wa familia za kipato cha chini na cha kati zinazopiga hesabu ya jikoni kila wiki. Kama kuna watu waliotarajiwa kulipokea kwa mikono miwili duka linalouza sabuni, viatu, dawa na nyama kwa bei ya chini, ni wao. Hata meya wao, Roosevelt Dorn, alikuwa upande wa Walmart, akitaja ajira na kodi ambazo zingeingia kwenye mfuko wa mji.

Kisa hiki kinawahusu pia wasomaji wa Afrika Mashariki. Maduka makubwa yanaingia na kutoka katika miji yetu, na mara nyingi wananchi hupata habari mabati yakishazungushwa kiwanjani. Inglewood inaonyesha jinsi watu wa kawaida wanavyoweza kujipanga mbele ya kampuni yenye fedha kuliko mji wao. Ikilinganishwa na mapambano mengine ya aina hiyo, inaonyesha pia kwa nini upinzani mmoja hufaulu na mwingine huzimika baada ya wiki chache.

Bei nafuu na gharama zake

Sam Walton alifungua duka la kwanza la Walmart mwaka 1962 katika mji mdogo wa Rogers, jimbo la Arkansas. Njia yake ilieleweka kwa kila mfanyabiashara: nunua kwa wingi, punguza gharama za ghala na usafirishaji, mbane mwenye kiwanda mpaka senti ya mwisho, kisha uza kwa faida ndogo kwa watu wengi. Mwaka 1988 kampuni ilianza kujenga aina mpya ya duka iliyochanganya bidhaa za nyumbani na vyakula chini ya paa moja. Duka la aina hiyo kwa kawaida hupita ukubwa wa viwanja viwili vya mpira, na hapo maegesho ya magari hayajahesabiwa.

Bei hizo za chini ni za kweli, na mpinzani asiyekubali hivyo hupoteza hoja kabla hajaanza. Mtafiti Emek Basker, katika kazi zake za mwaka 2005, alionyesha kwamba Walmart inapoingia mjini bei za bidhaa kadhaa hushuka, na ajira za rejareja huongezeka kidogo. Lakini mwaka 2008 David Neumark na wenzake walichapisha matokeo tofauti: kwa wastani, kila mfanyakazi mmoja aliyeajiriwa na Walmart alichukua nafasi ya wafanyakazi wapatao 1.4 katika maduka mengine ya eneo hilo. Wachumi hawajamaliza ubishi huo. Mwananchi anayeambiwa kwamba duka litaleta mamia ya ajira ana haki ya kuuliza ni ngapi zitakazokuwa mpya kweli, na ni ngapi zitakazohama kutoka duka la jirani litakalofungwa.

Mji wa Oriental, katika jimbo la North Carolina, uliujua uzito wa swali hilo kwa uchungu. Ni mji wa watu wasiofika 1,000, uliokuwa na duka moja la vyakula, Town'n Country, lililowahudumia wakazi kwa miaka zaidi ya 40. Mwaka 2014 Walmart ilifungua pale duka lake dogo la aina ya Express. Town'n Country ilijikongoja mwaka mmoja na kidogo, ikafunga milango Oktoba 2015. Januari 2016 Walmart ikatangaza kufunga maduka 154 nchini Marekani, yakiwemo yote ya Express. Oriental ikabaki bila duka la kisasa wala la zamani, na wakazi, wengi wao wazee, wakalazimika kusafiri kutafuta maziwa na mboga.

Mfano huo unaeleza vizuri kwa nini watu hujitokeza kupinga mapema. Duka la mtaa likishakufa, mara nyingi halifufuki. Mwenye duka ameuza friji na rafu, amelipa madeni, amehama. Wasomaji wetu wanalijua duka la aina hiyo: lile ambalo mwenye nalo anakujua kwa jina, anakupimia robo kilo ya sukari mwisho wa mwezi na kuandika deni kwenye daftari. Duka kubwa halipimi robo wala halikopeshi.

Waraka wa kurasa 71

Vita vya Inglewood vilianza mwaka 2002, pale baraza la mji lilipopitisha kanuni ya dharura kuzuia maduka makubwa mno yanayouza pia vyakula. Walmart ilitishia kwenda mahakamani na kuanza kukusanya saini za wananchi. Baraza likarudi nyuma na kuifuta kanuni hiyo.

Kampuni haikuishia hapo. Sheria za California zinaruhusu wananchi wakikusanya saini za kutosha kupeleka pendekezo moja kwa moja kwenye kura, bila kupitia kwa madiwani. Ni njia iliyobuniwa mwanzoni mwa karne ya 20 ili mtu wa kawaida aweze kuipiku nguvu ya makampuni makubwa, hasa ya reli. Safari hii kampuni kubwa ndiyo iliyoitumia. Saini zikakusanywa, zikavuka idadi iliyotakiwa, na pendekezo likaingia kwenye karatasi ya kura ya Aprili 2004.

Pendekezo lenyewe lilikuwa na kurasa 71. Mtu aliyesoma kichwa cha habari tu aliona swali rahisi: je, tunataka duka? Aliyefungua ndani alikuta mambo mengine. Mradi ungejengwa bila ripoti ya athari kwa mazingira ambayo sheria za California hudai kwa ujenzi wa ukubwa huo. Usingepitia vikao vya hadhara ambako wakazi huuliza kuhusu foleni za magari, maji ya mvua au kelele za malori usiku. Maofisa wa mipango miji wangetakiwa kugonga muhuri tu. Na kama siku moja wananchi wangetaka kubadilisha sehemu ya mpango huo, wangehitaji theluthi mbili ya kura, ingawa wingi wa kawaida tu ulitosha kuupitisha.

Yaani mji ungeshika kalamu wenyewe na kusaini kwamba hautauliza tena juu ya ekari 60 za ardhi yake. Hapo ndipo wapinzani walipoishika kampuni.

Wateja ndani ya muungano

Kundi lililoongoza upinzani lilijiita Muungano wa Inglewood Bora. Ndani yake kulikuwa na vyama vya wafanyakazi, makanisa, wafanyabiashara wadogo na mashirika ya kijamii, likisaidiwa na shirika la LAANE la Los Angeles lililokuwa na uzoefu wa kuchambua mikataba ya maendeleo. Miongoni mwa sauti zake alikuwa Mchungaji Altagracia Perez wa Kanisa la Kianglikana la Holy Faith mjini hapo. Mbunge wa bunge la taifa Maxine Waters aliwaunga mkono, na siku za mwisho Mchungaji Jesse Jackson alifika kuwahamasisha wapigakura.

Muungano huo ulikuwa na bahati ya wakati, kama mtu anaweza kuiita bahati. Kuanzia Oktoba 2003 hadi mwishoni mwa Februari 2004, maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi wa supamaketi za Kusini mwa California walikuwa nje, kwenye mgomo au wakiwa wamefungiwa nje na waajiri. Waajiri walitaka kupunguza mchango wao kwenye bima ya afya, na sababu waliyoitaja ilikuwa ujio wa Walmart, ambayo mwaka 2002 ilitangaza nia ya kujenga maduka makubwa 40 katika jimbo hilo. Kwa miezi minne na zaidi, mkazi wa Inglewood aliyekwenda kununua mkate aliwakuta majirani zake mlangoni na mabango. Hakuhitaji mtaalamu wa uchumi kumweleza jinsi duka ambalo bado halijajengwa linavyoweza kugusa mshahara wa dada yake.

Kazi yenyewe ya kampeni ilikuwa ya miguu. Atakayepanga upinzani popote lazima aijue: watu hupewa orodha ya wapigakura wa mtaa, hugonga mlango mmoja baada ya mwingine, huuliza na kusikiliza, na huandika kando ya kila jina kama mtu huyo yuko upande wao, yuko upande wa pili, au hajaamua. Asiyeamua hutembelewa tena, ikiwezekana na mtu anayemfahamu: mwanakwaya mwenzake, mzazi wa shule moja, fundi wa gari lake. Siku ya kura orodha hutolewa tena na walioahidi hukumbushwa waende kituoni. Kipeperushi kinaweza kutupwa bila kusomwa, lakini jirani aliyesimama mlangoni hajibiwi kwa kufumba macho.

Nguvu kubwa zaidi ya muungano ule ilikuwa mahali pengine. Wapinzani wengi wa maduka makubwa husema kwa sauti ya wenye maduka: tutakosa wateja. Ni malalamiko halali, lakini mnunuzi anayehesabu shilingi haoni kwa nini alipe zaidi ili mwingine apate faida. Inglewood, waliozungumza walikuwa wateja wenyewe, na walizungumza juu ya haki yao ya kuulizwa. Hawakusema bei nafuu ni dhambi. Walisema kampuni yoyote inayotaka kujenga kwao ipite mlango uleule ambao kila mjenzi hupita.

Wapigakura walielewa. Jiji jirani la Los Angeles nalo lilichukua somo: Agosti mwaka huohuo lilipitisha kanuni inayomtaka mwenye mradi wa duka kubwa la aina hiyo, katika maeneo fulani ya jiji, alipie kwanza uchunguzi wa athari za kiuchumi. Uchunguzi huo huangalia ni maduka gani yatakufa, ni ajira za namna gani zitakuja, na jengo litakuwaje siku kampuni ikiondoka.

Ila ushindi wa Inglewood una sura ya pili ambayo haielezwi mara nyingi. Ekari zile 60 zilibaki mikononi mwa Walmart mpaka Januari 2014, alipozinunua bilionea Stan Kroenke, mmiliki wa timu ya Rams inayocheza mpira wa Kimarekani. Mwaka uliofuata waendelezaji wa mradi wa uwanja wa michezo walikusanya saini kwa kutumia njia ileile ya pendekezo la wananchi. Februari 2015 baraza la mji likaupitisha mpango huo kwa kauli moja, bila kuupeleka kwenye kura na bila ripoti kamili ya mazingira. Uwanja wa SoFi ulifunguliwa mwaka 2020. Wapo wanaouona kuwa neema kwa mji, wapo wanaolalamikia kodi za nyumba zilizopanda. Lisilobishaniwa ni kwamba mlango ambao wananchi waliufunga mwaka 2004 ulifunguliwa tena miaka 11 baadaye, wakati muungano ule haupo tena barabarani.

Somo la Greenfield

Zaidi ya miaka 10 kabla ya kura ya Inglewood, mji mdogo wa Greenfield katika jimbo la Massachusetts ulikuwa umeshaonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Baraza la mji lilikubali kubadilisha matumizi ya ardhi ya viwanda iwe ya biashara ili Walmart ijenge. Wakazi wakakusanya saini kudai kura, wakamkabidhi uongozi wa kampeni mkazi mwenzao Al Norman, na Oktoba 1993 wakashinda kwa tofauti ya kura 9. Norman akawa mshauri wa miji mingine iliyotaka kufuata njia hiyo.

Mkazo wake ulikuwa kwenye ardhi. Kila mji huwa na mpango unaosema hapa makazi, pale viwanda, kule biashara. Duka kubwa mara nyingi huhitaji mpango huo ubadilishwe, na ombi la kubadilisha ndilo tundu ambalo wananchi wanaweza kupitia kisheria. Anayelalamikia jina la kampuni au utajiri wa mwenye nayo hana pa kulipeleka lalamiko lake. Anayeuliza kwa nini ardhi ya viwanda inageuzwa, ofisi inalazimika kumjibu.

Kushinda kura hakuzuii dunia kubadilika. Wilson's, duka la ghorofa katikati ya Greenfield lililoanzishwa mwaka 1882, lilidumu kwa zaidi ya robo karne baada ya kura ile, kisha likafungwa mwanzoni mwa mwaka 2020, zama za watu kununua kwa simu. Robo karne ya ajira na ya mtaa wenye uhai si kitu kidogo kwa mji wa watu wasiofika 20,000.

Kwingine matokeo huwa mchanganyiko. Huko St. Albans, jimbo la Vermont, Walmart iliomba kujenga mwaka 1993, ikakataliwa, ikarudi, na ikafungua duka lake mwaka 2013, baada ya miaka 20 ya kesi na vikao.

Wakati wa kukaa mezani

Afrika Kusini ilichagua njia nyingine. Walmart ilipotaka kununua asilimia 51 ya kampuni ya Massmart, chama cha wafanyakazi wa maduka, SACCAWU, kiliingia ulingoni. Mei 2011 Baraza la Ushindani liliruhusu ununuzi huo kwa masharti: wafanyakazi wasipunguzwe kwa miaka miwili, na utengwe mfuko wa randi milioni 100 kuwasaidia wazalishaji wa ndani wapate nafasi kwenye rafu. SACCAWU na mawaziri watatu wa serikali wakaona masharti hayo ni mepesi, wakakata rufaa. Mwaka 2012 Mahakama ya Rufaa ya Ushindani ilikataa kuuvunja mkataba, lakini iliamuru wafanyakazi 503 waliokuwa wamepunguzwa warudishwe kazini, na mwishoni mfuko ule ukaongezwa.

Walmart iliingia, naam, lakini ililipia mlango. Kwa wakulima na wenye viwanda vidogo, masharti ya kununua bidhaa za ndani yanaweza kuwa na thamani kuliko ushindi wa kumzuia mtu mmoja leo na kumpokea mwingine kesho bila sharti lolote.

Kampuni hiyohiyo ya Massmart ndiyo iliyokuwa na maduka ya Game yaliyofahamika kwa wanunuzi wa Dar es Salaam pale Mlimani City, Nairobi na Kampala. Mwaka 2021 ilitangaza kuyauza maduka yake ya Game ya Afrika Mashariki na Magharibi, na kufikia mwisho wa 2022 Game ilikuwa imefungasha virago katika nchi zetu zote tatu. Kabla yake kampuni ya supamaketi ya Uchumi ya Kenya ilikuwa imeondoka Tanzania na Uganda mwaka 2015, na mshindani wake Nakumatt ikaporomoka baada ya kuacha madeni makubwa kwa waliokuwa wakiipelekea bidhaa. Anayepokea duka kubwa mjini kwake afikirie pia siku ya kuondoka kwake.

Nairobi, Februari 2023

Mwanzoni mwa mwaka 2023 duka la China Square lilifunguliwa katika jengo la Unicity, kando ya Barabara ya Thika, likiuza vyombo, taa na vifaa vya nyumbani kwa bei ambazo wafanyabiashara wengi wa Nairobi hawakuweza kuzifikia. Wanunuzi walifurika. Wafanyabiashara wa maeneo kama Nyamakima na Kamukunji, ambao wengi huagiza bidhaa zao kutoka China hiyohiyo, waliona riziki yao inakatwa. Februari 28 waliandamana katikati ya jiji wakiwa na mabango yaliyotaka Wachina waondoke.

Waziri wa Biashara wa wakati huo, Moses Kuria, alijitokeza akisema wawekezaji wa China wanakaribishwa kuzalisha, siyo kuchuuza, na akazungumzia kuchukua nafasi ya lile duka ili wapewe wafanyabiashara wa ndani. Wizara ya Mambo ya Nje, kupitia Katibu Mkuu Korir Sing'oei, ikawahakikishia wawekezaji wote kwamba Kenya haibagui. Duka lilifunga milango kwa muda, likafungua tena, na baadaye likaongeza matawi.

Hasira ya wafanyabiashara ilikuwa na msingi. Walikuwa na maswali mazito: ushuru unaotozwa kontena la mtu mmoja ni sawa na wa mwingine? Bidhaa zinakidhi viwango? Kwa nini anayezalisha auze pia rejareja? Lakini kelele za kuwafukuza watu kwa sababu ya nchi yao zilifunika maswali hayo, na zilimpa mwenye duka utetezi rahisi. Kubwa zaidi, mnunuzi wa kawaida wa Nairobi hakuwa ndani ya maandamano yale. Alikuwa kwenye foleni ya kulipa.

Hapa ndipo tofauti ya Inglewood na Nairobi inapoonekana wazi. Duka linalopingwa na washindani wake pekee hushinda, kwa sababu wateja ndio kinga yake. Duka ambalo wateja wenyewe wanalidai majibu hulazimika kuketi chini na kujibu.

Kilichopo mkononi

Sheria za kutumia zipo kwetu pia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataja ushiriki wa wananchi kuwa mojawapo ya maadili ya taifa katika kifungu cha 10, na kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata taarifa. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inayodai tathmini ya athari kwa miradi mikubwa chini ya taasisi ya mazingira ya taifa, na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inayotaka kibali kabla matumizi ya kiwanja hayajabadilishwa.

Asiyeamini kwamba karatasi hizi zina meno aitazame Lamu, pwani ya Kenya. Mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, ulio mkubwa kuliko duka lolote, ulipewa leseni ya mazingira na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, mwaka 2016. Save Lamu, muungano wa vikundi vya wakazi wa kisiwani na maeneo jirani, ulipeleka shauri kwenye Baraza la Rufaa za Mazingira. Juni 26, 2019 baraza hilo lilifuta leseni, na hoja nzito katika uamuzi ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo: mikutano iliyofanyika mwanzoni ilikuwa ya kuutambulisha mradi tu, na utafiti ulipokamilika watu hawakupewa nafasi ya kweli ya kuuelewa na kuujadili. Wavuvi na wenyeji wa mji mkongwe waliwashinda wenye mradi wa dola bilioni mbili kwa swali lilelile la Inglewood: mlituuliza lini?

Kwa mtaa unaohisi kwamba mradi mkubwa unakuja, kazi huanza na kujua. Kiwanja kina hati ya nani, kimepangiwa matumizi gani, na kuna ombi la kuyabadilisha? Maswali hayo hupelekwa kwa maandishi kwenye halmashauri au ofisi ya kaunti, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa hutunzwa, kwa sababu siku ya shauri maneno ya mdomo hayana shahidi. Kisha waraka wa mradi usomwe wote, hata kama una kurasa 71, na kila mtu apewe sehemu yake: mmoja asome habari za maji, mwingine barabara, mwingine ajira.

Muungano ujengwe mpana tangu siku ya kwanza. Wauza genge na wenye maduka wawemo, lakini uongozi usiachwe mikononi mwao peke yao. Wawepo akina mama wanaonunua, bodaboda wanaoegesha pale, msikiti na kanisa, walimu, na vijana wanaotafuta kazi, ambao ndio watakaoahidiwa ajira na ndio watakaogeuzwa kuwa ngao ya mradi wasiposhirikishwa. Fedha zichangwe hadharani na mapato yasomwe hadharani. Tuhuma ya kwanza atakayoipata kiongozi wa upinzani ni kwamba ametumwa na mshindani. Lugha ya kabila, dini au nchi anayotoka mwekezaji ikataliwe mapema.

Na watu wakubaliane wanataka nini. Mradi usijengwe kabisa, ujengwe mahali pengine, au ujengwe kwa masharti? Sharti linaweza kuwa asilimia ya bidhaa kutoka kwa wakulima wa wilaya, eneo la wafanyabiashara wadogo ndani ya jengo, barabara na mitaro ya maji kwa gharama ya kampuni, au dhamana ya fedha kwa ajili ya jengo likiachwa tupu. Yote hayo yaandikwe kwenye kibali, maana ahadi ya jukwaani haimfungi mtu.

Zaidi ya yote, wahi. Nchini Kenya, mtu anayepinga leseni ya mazingira ana siku 60 za kukata rufaa kwenye baraza, na tangazo la mradi huweza kutoka kwenye kurasa za nyuma za gazeti ambazo wengi huzipita. Zisome. Hudhuria mkutano wa mtaa wako hata pale ajenda inapoonekana kavu, uliza ramani ya matumizi ya ardhi ya kata au wadi yako, na ukikuta ombi la kubadilisha kiwanja, andika pingamizi lako na ulipeleke kabla muda haujaisha.